Nyumba ya Levi Coffin kule Indiana: maswali ambayo kila mgeni ananiuliza

Mi nakaa Indianapolis. Kila nikipata wageni kutoka nyumbani, au watu wa kanisani wakitaka kutoka kidogo Jumamosi, nawapeleka Fountain City kuona hii nyumba, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Nimeshaenda mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu, na maswali ni yale yale, kwahiyo nimeona niyaandike hapa ili nisirudie kila wikendi. Ukiona jibu fupi angalia maswali mengine, huenda nimelielezea huko.

## Ya mwanzo kabisa

Hii nyumba ni ipi na ina nini cha ajabu?

Ni nyumba ya matofali mekundu, ina ghorofa moja juu, vyumba 8, ilijengwa 1839. Wakati huo kijiji kilikuwa kinaitwa Newport, jina la Fountain City lilikuja 1878. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara, Levi Coffin, na mkewe Catharine. Watu weusi waliokuwa wanatoroka utumwa majimbo ya kusini, hasa Kentucky, walifika hapo usiku, wakafichwa, wakala, wakapata nguo na viatu, kisha wakasogezwa mbele mpaka wavuke mpaka wa Canada. Njia hiyo ya kutorosha watu kwa Kiingereza inaitwa Underground Railroad, yaani Reli ya Chini ya Ardhi.

Kinachowashangaza watu ni kwamba iko wazi kabisa. Haiko msituni wala mlimani, iko pembeni mwa barabara kuu, ile namba 27, ukiwa unaendesha bila kuambiwa unaipita tu kama nyumba ya mtu yeyote mwenye uwezo wake. Na hata enzi zile ilikuwa hivyo hivyo, nyumba nzuri ya tajiri wa kijiji, dukani kwake hatua chache tu.

Kweli jamaa anaitwa Jeneza?

Ndio, Coffin ni lile lile neno la Kiingereza la jeneza, na kila nikienda na watu lazima mmoja acheke. Ni ukoo wa zamani tu wa Marekani, walitokea kisiwa cha Nantucket. Hakuna siri hapo, tuendelee.

Hiyo reli ilikuwa treni kweli? Ilipita chini ya ardhi?

Hapana. Hakukuwa na treni wala reli. Ulikuwa mtandao wa watu tu: huyu anakupokea, anakulaza, anakupeleka kwa yule, yule anakupeleka kwa mwingine. Wakaazima maneno ya treni kwasababu ndio teknolojia mpya ya wakati ule, nyumba ikaitwa stesheni, anayewasindikiza watu akaitwa kondakta.

Mi naona tatizo linaanzia kwenye tafsiri. Mtu akisema "Reli ya Chini ya Ardhi" moja kwa moja unawaza handaki. Mi huwa nasema Reli ya Chini kwa Chini, hapo kila mtu anaelewa, maana sisi wenyewe jambo likifanywa kimya kimya tunasema linaenda chini kwa chini.

Wanasimulia kwamba wawindaji wa watoro kutoka Kentucky walikuwa wanafuata nyayo vizuri mpaka maeneo ya Newport alafu zinapotea ghafla, hamna mtu, hamna habari, wakaanza kusema basi itakuwa kuna reli chini hapa na rais wake ni Levi Coffin. Jina likamganda. Yeye mwenyewe akalipenda, na 1870, watu weusi walipopata haki ya kupiga kura kikatiba, akatangaza hadharani kwamba anajiuzulu urais wa reli, kazi imekwisha.

Walipita watu wangapi?

Utasikia 2,000, na hesabu hiyo inatokana na Coffin mwenyewe, aliyesema wastani ulikuwa zaidi ya watu 100 kwa mwaka, na alikaa Newport kama miaka 20, kuanzia 1826 mpaka 1847. Sasa piga hesabu kidogo. Nyumba ya matofali ilijengwa 1839, kwahiyo yenyewe ilifanya kazi hiyo miaka 8 tu, waliotangulia walipokelewa kwenye nyumba yake ya mwanzo kijijini hapo hapo. Mtu akikuambia "watu 2,000 walilala kwenye kuta hizi" amechanganya familia na matofali.

## Watu wenyewe

Coffin alikuwa nani na kwanini alijiingiza kwenye hatari hiyo?

Alizaliwa 1798 North Carolina, jimbo la utumwa, kwenye familia ya Quaker, dhehebu la Kikristo. Akiwa na miaka 7 alikuwa barabarani na baba yake anapasua kuni, likapita kundi la wanaume weusi wamefungwa minyororo wanaswagwa kwenda kuuzwa. Baba akawauliza kwa upole, mbona wamewafunga? Mmoja akajibu kwamba wametengwa na wake na watoto wao, wamefungwa ili wasirudi kwao. Mtoto akaanza kumuuliza baba maswali mengi, na alipozeeka akaandika kwamba yote yalianzia pale.

Mwaka 1821 yeye na binamu yake Vestal walijaribu kuanzisha shule ya Jumapili ya kuwafundisha watumwa kusoma Biblia. Mabwana wakaifunga fasta. Ndio baadaye akahamia Indiana na Catharine, waliyeoana 1824.

Quaker ndio hawa hawa Friends wa kwetu, wa Kaimosi?

Ndio haswa! Hili swali huwa linatoka kwa watu wa Vihiga na Kakamega na huwa wanafurahi sana. Ni dini ile ile, Kanisa la Friends. Wamishenari wa Friends kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, 1902, na leo Kenya ndio nchi yenye Quaker wengi kuliko zote duniani. Na makao ya muungano wao, Friends United Meeting, yako mji wa Richmond, Indiana, dakika kama 15 hivi kutoka kwenye nyumba hii. Nimewahi kwenda na mzee mmoja wa Kaimosi, alivyoliona lile jina la Richmond kwenye kibao cha barabarani akaniambia simamisha gari kwanza, hilo jina alikuwa analiona kwenye barua za kanisa tangu akiwa mtoto.

Mkewe alikuwa anafanya nini?

Ukiniuliza mimi, kazi nyingi. Watoro na majirani walimwita Shangazi Katy. Fikiria watu 5 au 10 wanaingia saa nane usiku, wamelowa, wengine miguu imepasuka, wana njaa ya siku mbili, na wote inabidi wale moto kabla hakujakucha. Nani aliyekuwa anapika? Alafu wanawake wa kijijini walikuwa wanakutana hapo nyumbani kushona nguo za watoro, kikundi kabisa, kama vile vikundi vya akina mama vya kwetu.

Kuna asubuhi moja yalifika magari mawili ya farasi yamefunikwa. Catharine akatoka kumuuliza aliyeyaleta amebeba nini leo. Jamaa akajibu Kentucky yote. Akamwambia basi ingiza Kentucky yote ndani. Walikuwa watu 17.

Mbona stori yote ni ya mzungu?

Swali zuri na mi huwa nalisubiri. Stori inavyosimuliwa mara nyingi inaanza mlango unapofunguliwa, wakati mtu anayegonga ameshatembea usiku kwa usiku, amevuka mto Ohio, ameacha watoto au amewabeba mgongoni, na kutoka mtoni mpaka hapo ni zaidi ya kilomita 100. Coffin hakumtorosha mtu kutoka Kentucky. Walijitorosha wenyewe.

Kingine, kabla Coffin hajafika Newport kazi hiyo ilikuwa inafanywa na watu weusi huru wa maeneo hayo, wengi wao ni kizazi cha watumwa walioachwa huru na Quaker wa North Carolina. Watoro walikuwa wanafikia kwao. Shida ni kwamba wawindaji walijua hivyo, nyumba za watu weusi ndio za kwanza kukaguliwa, na watu walikuwa wanakamatwa. Coffin aliliona hilo ndio akawaambia majirani zake weusi kwamba mlango wake uko wazi. Kwahiyo yeye aliungwa kwenye kitu ambacho tayari kipo.

Na kuna aliyefika akabaki. William Bush alifika kama mtoro, akaamua Newport panamtosha, akawa mhunzi hapo kijijini. Ukienda uliza viatu vyake vya mbao.

## Nyumba ilivyofanya kazi

Walijificha wapi? Kuna handaki?

Hakuna handaki. Samahani, najua watoto huwa wanasikitika.

Kuna chumba cha kulala cha juu, nyuma, chenye kimlango kidogo ukutani cha kuingilia kwenye nafasi nyembamba chini ya mteremko wa paa. Unaingia kwa kuinama karibu utambae. Wanasema walikuwa wanaweza kukaa humo hadi watu 14. Kitanda kinasogezwa mbele ya kimlango na basi, umeingia chumbani unaona kitanda kimetandikwa na ukuta.

Lakini sio kila aliyelala hapo alikaa humo. Hiyo ilikuwa ya dharura. Wengi walilala kawaida, vyumba vya juu au jikoni karibu na moto, na wengine walikaa wiki kadhaa, hasa waliofika wagonjwa au wakati wa baridi kali. Vyumba vingi pia vina njia mbili za kutokea, hicho ni kitu ambacho watu hawakioni mpaka waambiwe.

Kisima kilikuwa ndani ya nyumba? Kwanini?

Hiki ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote. Chini ya nyumba, kwenye vyumba vya chini kulipo na jiko, kuna kisima, maji ya chemchemi. Mwongozaji alikuwa anaeleza kwamba kiliwekwa ndani ili majirani wasione, mi siku ya kwanza nikawa sijaelewa, wasione nini?

Mara ya pili nilienda na mama mkubwa wangu aliyekuja kutoka Tanga. Kabla hata hajatafsiriwa vizuri akasema "Ndoo. Ndoo ndio zinazosema." Akanikumbusha kwamba mtaani kwao mtu akipata ugeni huhitaji kuambiwa, unaona tu mtoto wa nyumba ile anaenda bombani mara sita badala ya mara mbili. Watu wawili na watoto wao wanatumia maji kiasi fulani na kila jirani anakijua. Siku wakichota maji ya kupikia, kunywesha na kuogesha watu 17, kijiji kizima kimeshajua kabla ya saa nne asubuhi.

Na fikiria pia chakula. Duka lilikuwa lake na biashara ya nyama ya nguruwe alikuwa nayo, kwahiyo magunia na nyama kuingia nyumbani kwake hakukumshangaza mtu. Angekuwa mkulima wa kawaida ananunua unga mara tatu ya wenzake angeshikwa mapema sana.

Usiku wenyewe ilikuwaje?

Coffin ameelezea mwenyewe. Unasikia mlango unagongwa polepole. Unafungua, nje kuna gari la farasi wawili, giza, watu wamejaa, hakuna anayeongea. Unawakaribisha kwa sauti ya chini, wanaingia wote gizani, hakuna kuwasha taa kwasababu hujui nani anaangalia. Mlango ukishafungwa madirisha yanazibwa. Hapo sasa ndio taa, ndio moto mkubwa, ndio Catharine yuko jikoni. Aliyewaleta na farasi wake nao wanahudumiwa, farasi watatunzwa, maana kesho kuna safari nyingine.

Kusogea mbele walitumia magari ya farasi, mengine ya nafaka yenye sakafu mbili, watu chini mzigo juu. Pale kuna gari la aina hiyo, nenda uinamie ulitazame, alafu jiulize ungekaa humo saa ngapi.

Wawindaji hawakuja kweli?

Walikuja sana. Walimtishia kumnyonga na kuchoma duka na nyumba. Lakini Coffin hakuwa mtu wa kuonewa ovyo, alikuwa tajiri, mkurugenzi wa tawi la benki ya jimbo pale Richmond, na nusu ya wenye biashara walimhitaji yeye kuliko yeye alivyowahitaji. Tena alijua sheria, bila hati ya mahakama huingii nyumbani kwa mtu, na mpaka mwindaji aende akaitafute watu wameshasogea.

## Maswali magumu

Indiana si ilikuwa haina utumwa? Kwanini wasibaki tu?

Kwenye karatasi, ndio, katiba ya 1816 ilikataza. Lakini sheria ya nchi nzima ya 1793 ilimruhusu bwana kumfuata mtu wake hata jimbo huru na kumrudisha, na aliyemficha faini yake dola 500. Ya 1850 ikawa mbaya zaidi, faini dola 1,000 na kifungo mpaka miezi sita. Na Indiana yenyewe haikuwapenda watu weusi, 1831 ilianza kudai dhamana ya dola 500 kwa kila mtu mweusi anayehamia, na katiba ya 1851 ikawapiga marufuku kabisa kuhamia jimboni. Kwahiyo wengi walienda moja kwa moja Canada, chini ya Mwingereza, huko bwana wa Kentucky hana la kufanya. Coffin alienda kule 1844 akawakuta baadhi waliopita nyumbani kwake wana mashamba yao.

Quaker wote walimuunga mkono?

Hapana, na hii huwa inawaumiza watu. Quaker wa Indiana wote walisema utumwa ni dhambi, ila wakubwa wa kanisa hawakutaka vurugu, wakawaambia waumini wajitenge na vyama vya kupinga utumwa. Coffin na wenzake wakakataa, wakaondolewa kwenye kamati, na 1843 wakajitenga wakaanzisha kundi lao, Friends wa Kupinga Utumwa, makao yao hapo hapo Newport. Baadaye walirudiana. Wateja wengine pia walimkimbia dukani kwa muda, wakisema hawanunui kwa mtu anayeficha watoro.

Duka lake halikuuza pamba na sukari za watumwa?

Aliliona mwenyewe hilo. Unamficha mtoro juu na chini unauza shati la pamba iliyolimwa na ndugu yake. Akaanza kutafuta bidhaa ambazo hazikutokana na jasho la mtumwa, ni kazi ngumu, ghali na ubora wake mara nyingi wa kubahatisha. Ndio sababu alihamia Cincinnati 1847, kufungua ghala la jumla la bidhaa hizo. Alipanga kukaa miaka 5 arudi, hakurudi tena. Kule nako wakaendelea kupokea watoro.

Yule mtoro Eliza, aliyevuka mto Ohio juu ya barafu, alifika hapa?

Coffin anasema ndio, alikaa kwake siku kadhaa akielekea Canada. Ndiye wa kwenye riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya 1852, Uncle Tom's Cabin, na wale wazee wema Quaker waliompokea humo inasemekana ni Coffin na mkewe.

Na yale mashuka ya viraka ambayo watu wanasema yalitundikwa nje kuwapa watoro ishara?

Hakuna ushahidi. Ishara hapa ilikuwa ni kugonga mlango polepole, soma swali la usiku.

Kwetu Pwani kulikuwa na nyumba kama hizi?

Nyumba moja moja ya mtu binafsi yenye sifa hii siwezi kukutajia, ila sehemu za watoro zilikuwepo na ni vizuri watu wazijue. Nenda Rabai, nyuma ya Mombasa. Misheni ya Rabai ilianzishwa na wamishenari Krapf na Rebmann 1846, na miaka ya 1880 watoro kutoka mashamba ya pwani walikuwa wanakimbilia pale mpaka mabwana wakaja juu wanataka watu wao. 1888 Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki akakubaliana nao awalipe, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru. Usichanganye na Freretown, kijiji cha walioachwa huru pale Mombasa, cha 1875, kule wengi walikuwa wametolewa kwenye majahazi na manowari za Waingereza, hawakuja kwa miguu yao.

Na mtu akikutajia chumba cha Mangapwani kule Unguja mwambie ni kinyume chake. Pale walifichwa watumwa ili waendelee kuuzwa baada ya soko kufungwa 1873. Kuficha ni kule kule, sababu mbalimbali.

## Ukitaka kwenda

Imefikaje leo ikiwa nzima?

Kwa bahati zaidi. Baada ya Coffin kuhama ilipita mikono mingi, kuna wakati ikawa hoteli. Jimbo la Indiana likainunua 1967, ikakarabatiwa, ikafunguliwa kwa wageni 1970. Jengo jipya la maonyesho lilifunguliwa pembeni yake Desemba 2016.

Coffin mwenyewe kazikwa hapo?

Hapana, Cincinnati, makaburi ya Spring Grove. Alikufa 1877, Catharine 1881. Quaker wa zamani hawakupenda makaburi ya fahari kwahiyo walikaa bila alama yoyote, mpaka 1902 watu weusi wa Cincinnati walipochanga wakamwekea jiwe.

Nina saa moja tu, nianzie wapi?

Angalia kwanza siku za kufungua, sio kila siku wako wazi. Ukifika usikimbilie kimlango cha juu kama wote wanavyofanya. Anza chini kwenye kisima, simama pale uinamie uangalie maji. Alafu panda juu. Ukimaliza kapite kwenye viatu vya William Bush, ni vya mbao, vizito, vya mtu mzima, na yeye alikuja navyo miguuni.